Mbona mchicha haunyauki kama udongo una sumu?

Swali limetoka kwa mkulima wa bustani bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Nimelifupisha hivi: "Mwaka wa tisa huu nalima mchicha na chainizi kwa maji ya mto. Bwana shamba alipita akasema udongo wetu una kadimiamu na risasi. Lakini mboga zangu zinastawi kuliko za jirani anayemwagilia maji ya kisima. Kijana wangu yuko chuo, anasema mimea ina protini za kujikinga na metali nzito. Je, protini hizo zinaisafisha sumu? Na kama haziisafishi, mbona mchicha haufi?"

Ndugu mkulima, kijana wako kasema kweli, ila kaishia katikati. Mchicha unazo protini za kujikinga, na zinafanya kazi haswa. Lakini zinaukinga mchicha, si wewe wala mteja wako. Kadimiamu ni elementi, kama dhahabu ilivyo elementi. Haiozi, haiungui ikaisha, wala hakuna kimeng'enya cha kuimeng'enya ikawa kitu kingine. Mmea unachoweza ni kuihamisha na kuifungia mahali. Na sehemu kubwa ya hiyo inayopanda juu hufungiwa kwenye jani, lile lile unalolichuma na kulifunga fungu.

Kuhusu kustawi, hilo lina maelezo mepesi. Mto unaopita katikati ya jiji hubeba maji ya vyoo na ya jikoni, na humo mna naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea ya bure. Jirani yako wa kisimani anamwagilia maji matupu. Ukijani unaouona ni wa naitrojeni, hauna habari na kadimiamu.

Sasa twende mzizini. Mmea haukuumbiwa mlango wa kadimiamu. Nani hujenga mlango wa mwizi? Kadimiamu hupita kwenye milango ya wengine. Milango yenyewe ni protini zilizopenya utando wa seli za mzizi, kila moja ikipitisha madini fulani. Uliochunguzwa kuliko yote huitwa IRT1, mlango wa chuma, na umechunguzwa katika kimmea kiitwacho Arabidopsis ambacho ni ndugu wa mbali wa chainizi yako. Chuma kimejaa ardhini, lakini kingi kiko katika hali ya kutu isiyoyeyuka, kwa hiyo mmea wenye njaa ya chuma hutengeneza milango ya IRT1 kwa wingi. Ubaya wake ni kwamba IRT1 si mlinzi makini. Inapitisha chuma, zinki, manganisi, kobalti, na kadimiamu nayo inajipenyeza humo humo, maana kwa umbo na chaji haiko mbali na hao. Kwenye mpunga njia kuu ni mlango mwingine, NRAMP5, ambao kazi yake halali ni manganisi.

Hapa mmea unaonyesha ujanja wa kwanza. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa IRT1 yenyewe huonja kinachopita. Ina kitanzi upande wa ndani ya seli chenye histidini kwa wingi, moja ya asidi amino (matofali ya kujengea protini), na histidini hushika metali. Zinki, manganisi au kobalti zikizidi, kitanzi kinazishika, protini nyingine inaigonga IRT1 muhuri wa fosfeti, kisha nyingine inaibandika mnyororo wa ubikwitini, ambao kwenye seli ni alama ya "hiki kikatupwe". Mlango unang'olewa, unapelekwa kuvunjwavunjwa. Huo ni mwitikio wa kiprotini kwa maana kamili: jeni haikuguswa, ila protini iliyokwisha kutengenezwa imeondolewa kazini.

Kadimiamu ikishaingia, inafanya nini? Kuna asidi amino iitwayo sisteini, yenye kikono cha salfa. Protini nyingi hutegemea vikono hivyo vya salfa kujikunja katika umbo lake au kushika chembe ya zinki. Kadimiamu na zinki ziko safu moja katika jedwali la elementi, ila kadimiamu inaing'ang'ania salfa kuliko zinki inavyoweza. Inakalia kiti cha zinki na haitoki. Protini inakosa umbo, na protini isiyo na umbo lake ni kama ufunguo uliopinda: upo, lakini haufungui kitu. Ndiyo maana moja ya dalili za mwanzo ambazo maabara huona ni kuongezeka kwa protini za mshtuko wa joto, hasa HSP70. Jina lilitokana na joto kwa sababu ndiko zilikogunduliwa, lakini kazi yake ni kuzikamata protini zilizoanza kupinda na kuzisaidia zijikunje upya. Zile zisizofaa tena hubandikwa ubikwitini na kusagwa.

Shaba ina hulka nyingine, nami huwa nasikitika watu wanapoziweka metali zote kapu moja. Shaba inahitajika na mmea, kadimiamu haihitajiki. Ikizidi, shaba hubadilisha chaji yake huku na huku na kuzalisha oksijeni korofi papo hapo, ile inayochoma mafuta ya utando na protini. Kadimiamu haiwezi kubadili chaji namna hiyo. Inaleta uchomaji huo kwa njia ya kuzunguka, kwa kuimaliza glutathayoni, akiba ambayo seli huitumia kuzima moto. Ndipo vimeng'enya vya kuzima moto, kama katalesi na superoksaidi dismutesi, vinapopanda au vinapoelemewa, kutegemea dozi na muda.

Glutathayoni hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Ni kipande kidogo cha asidi amino tatu: glutameti, sisteini na glaisini. Mwaka 1985 kundi la wanasayansi wa Ujerumani, Grill, Winnacker na Zenk, lilitangaza kuwa seli za mimea zilizopewa kadimiamu hutengeneza mnyororo wa ajabu: glutameti na sisteini, glutameti na sisteini, jozi hiyo ikirudiwa mara 3 hadi 7, na glaisini moja mwishoni. Wakauita faitokelatini. Ufikirie kama uzi wa shanga ambao kila shanga ya pili ina kikono cha salfa. Kadimiamu ikipita, vikono vinaishika kutoka pande kadhaa kwa pamoja, nayo haipati tena nafasi ya kukalia kiti cha zinki cha mtu.

Ajabu yenyewe ni kwamba mnyororo huo hautengenezwi na ribosomu, kiwanda cha kawaida cha protini. Glutameti imeungwa kwa ubavu badala ya mwisho wake, muungo ambao ribosomu haiujui. Kwa hiyo ukitafuta jeni ya faitokelatini huipati. Iliyopo ni jeni ya kimeng'enya kinachoishona. Jeni hiyo ilipatikana mwaka 1999, na makundi matatu yaliitangaza karibu wakati mmoja. Kimeng'enya chenyewe kipo kwenye seli tangu awali, kimekaa kama fundi kwenye kibanda chake akingoja kazi. Metali ikishaingia na kushikana na glutathayoni, fundi anaanza kushona. Dakika chache tu minyororo inaonekana. Metali huru ikiisha, kazi inasimama yenyewe. Hakuna aliyemwamuru aanze, hakuna aliyemwambia aache.

Mimea geuzi ya Arabidopsis, yaani ambayo jeni yake imeharibika, isiyo na kimeng'enya hicho huumia kwa kadimiamu kidogo ambayo wenzake hawaijali. Basi wengine wakafikiri: tuongeze jeni hiyo tupate mmea jabari. Walipoiongeza katika Arabidopsis, mwaka 2003 ikaripotiwa kinyume: mimea ikawa dhaifu zaidi mbele ya kadimiamu. Kushona minyororo kunakula glutathayoni na salfa, na fundi akizidisha bidii kuliko kitambaa kilichopo, nyumba nzima inabaki uchi.

Faitokelatini ikishakamata kadimiamu, mzigo unapakiwa kwenye vakuoli. Hiyo ni ghala la seli, mfuko wa maji unaochukua nafasi kubwa kuliko vyote ndani ya seli ya jani. Wapakizi ni protini za utando wa mfuko huo, ABCC1 na ABCC2, zinazosukuma mzigo ndani kwa kutumia nishati. Pampu nyingine, HMA3, huingiza kadimiamu ghalani bila mnyororo. Na kuna pampu HMA4 yenye kazi nyingine kabisa: kwenye mzizi inasukuma zinki, na kadimiamu ikiifuata nyuma, kuziingiza katika mishipa ya maji inayopanda juu.

Hizo mbili za mwisho ndizo zinazoamua sumu inakaa wapi. HMA3 ikiwa na nguvu mzizini, kadimiamu nyingi inafungiwa humo humo ardhini. Ikiwa mbovu, inapanda. Kuna aina za mpunga ambazo HMA3 yake imeharibika kiasili, na punje zake hubeba kadimiamu nyingi kuliko aina nyingine zilizopandwa udongo ule ule. Huko Ulaya, kwenye vifusi vya migodi ya zinki, unaota Arabidopsis halleri, binamu wa kile kimmea cha maabara, wenye nakala tatu za HMA4 badala ya moja. Huo unaisomba metali kwa makusudi na kuijaza majanini, na uko salama. Tumbaku nayo ni hodari wa kujaza kadimiamu majanini, ndiyo maana mvutaji hubeba kadimiamu kuliko asiyevuta.

Haya yote yalionekanaje? Niruhusu nikuingize maabara kidogo, kijana wako atakusimulia zaidi. Unachukua jani, unalimwagia naitrojeni ya maji iliyo baridi kupita kiasi, linakuwa kama kioo, unalisaga kwa kinu na mchi mpaka liwe unga wa kijani. Unatoa protini, unazitawanya kwenye karatasi ya jeli kwa umeme, kwanza kwa chaji kisha kwa uzito, unazitia rangi ya buluu. Kila protini inakuwa doa. Unalinganisha jeli ya mmea uliopewa kadimiamu na ya mmea usiopewa: doa gani limekolea, lipi limefifia? Unakata doa, unalipeleka kwenye mashine inayopima uzito wa vipande vyake, inakwambia ni protini gani. Siku yangu ya kwanza niliona baka kubwa la buluu katikati, kama wino uliomwagika, nikadhani nimeharibu jeli. Mwalimu wangu akacheka. Lilikuwa rubisko, protini inayonasa kaboni dayoksaidi, ambayo katika jani inaweza kufika nusu ya protini zote zinazoyeyuka. Imejaa kiasi kwamba protini adimu, zikiwemo milango na pampu nilizokutajia, hufunikwa nayo. Nyingi kati ya hizo zilijulikana kwanza kupitia mimea geuzi na jeni, si kwenye jeli.

Hata hivyo jeli hizo zinasimulia hadithi inayojirudia. Kadimiamu ikiwa nyingi, rubisko inapungua, pamoja na protini za chombo kinachopasua maji kwenye usanisinuru. Vimeng'enya vya kuvunja sukari kupata nishati vinapanda, na vile vya kutengeneza sisteini na glutathayoni vinapanda. Mmea umepunguza kupika na kuongeza walinzi. Ikifika hapo ndipo unaona manjano na kudumaa.

Lakini mchicha wako haujafika hapo, na huenda usifike kamwe, na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Katika mimea mingi dalili za sumu hazianzi mpaka jani kavu lifikishe takriban miligramu 6 hadi 10 za kadimiamu kwa kilo. Kiwango cha juu ambacho Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kimeweka kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo ya mboga mbichi. Mchicha ni maji karibu asilimia 90, kwa hiyo hiyo 0.2 ya mbichi ni kama 2 kwa kilo ya jani kavu. Angalia pengo lililopo kati ya 2 na 6. Ndani ya pengo hilo mchicha unapendeza, unauzika, protini zake zimeshika kila chembe na kuifungia ghalani, na aliyeununua anakula ghala.

Wajapani waliijua njia hii kwa gharama kubwa. Maji ya mgodi wa Kamioka yaliingia mto Jinzu, mkoa wa Toyama, wakulima wakamwagilia mpunga kwayo. Waliokula wali ule, hasa wanawake wenye umri mkubwa waliozaa mara nyingi, waliharibika figo, mifupa ikalegea na kuvunjika kwa kukohoa tu. Watu wakauita itai-itai, yaani "inauma, inauma", na mwaka 1968 serikali ikakubali rasmi kuwa chanzo ni kadimiamu ya mgodi. Kwenye figo za binadamu kadimiamu huchukua kati ya miaka 10 na 30 kupungua nusu, kwa hiyo fungu moja la mchicha si hoja. Hoja ni kila siku, miaka nenda miaka rudi.

Kwa nini wanawake? Sababu mojawapo inaturudisha kwenye milango. Utumbo wetu una mlango wa chuma uitwao DMT1, na ni wa ukoo ule ule wa NRAMP niliokutajia kwenye mpunga. Mtu akipungukiwa chuma, utumbo huongeza milango hiyo, na kadimiamu inapita nayo, kama inavyopita kwa IRT1 mzizini. Sasa fikiria mjamzito aliyeambiwa kliniki damu yake iko chini, ale mchicha kwa wingi. Yeye ndiye aliyefungua milango zaidi, na yeye ndiye anayekula jani zaidi. Hili ndilo linaloniamsha usiku kuliko suala la mavuno.

Risasi, sumu ya pili uliyotajiwa, ina tabia tofauti. Mzizini hunaswa kwenye kuta za seli, na kidogo sana hupanda. Risasi ya kwenye mboga mara nyingi ni vumbi na matope yaliyorukia jani. Jambo hili liliwahi kuwapoteza wataalamu kule Katanga. Wasomaji wa Lubumbashi wanaujua Haumaniastrum katangense, mmea wa maua uotao penye shaba, ambao wanaakiolojia waliufuata kutafuta tanuri za kale. Vipimo vya zamani vilionyesha shaba nyingi mno majanini. Majani yalipooshwa vizuri kabla ya kupimwa, ikaonekana sehemu kubwa ilikuwa vumbi. Kwa hiyo mwambie mteja aoshe mchicha sana, risasi itapungua. Kadimiamu haitoki kwa kuosha, wala kwa chumvi, wala kwa siki, maana maji hayo hayafiki ndani ya vakuoli.

Je, uhame bonde? Sitakwambia hivyo bila kipimo. Mboga za kando ya Msimbazi na Sinza zilishapimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1999, lakini tuta lako si tuta la mwingine, na la mwaka huu si la mwaka ule. Unachoweza kuanza nacho sasa ni kuzuia kadimiamu isiyeyuke. Udongo wenye uchachu huiachia, kwa hiyo chokaa ya kilimo inasaidia, na mboji ya kutosha huishika. Majivu ya kuni safi yanafaa. Majivu ya taka na mbao zenye rangi yanaongeza metali. Usikimbilie kisima chochote pia: visima vingi vya Dar vina chumvi, na kloridi ya chumvi huibeba kadimiamu ya udongoni kuipeleka mzizini. Tuta linalotia shaka lipande bamia au mahindi, kwa sababu metali hufika kidogo kwenye tunda na punje kuliko kwenye jani. Wajapani, kwa upande wao, waliupiga mpunga wa Koshihikari kwa miali ya ayoni mpaka NRAMP5 ikaharibika, wakatangaza mwaka 2012 mpunga ambao punje zake karibu hazina kadimiamu. Mchicha wetu bado haujapata bahati hiyo.

Kipimo kifanywe na maabara inayopima metali, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Chuma majani ya umri unaouza, kutoka sehemu kadhaa za tuta, kwa mkono au kisu cha chuma kisichoshika kutu. Usitumie keni wala ndoo ya bati kuyabebea, kwa kuwa zinki ya bati huwa na kadimiamu kidogo ndani yake. Yaoshe kama yanavyooshwa jikoni, uyatie kwenye mfuko mpya wa plastiki. Karatasi ya majibu ikija, kabla ya kusoma namba uliza: uzito mbichi au uzito mkavu? Ukiona 1.5 kwa uzito mkavu, ni kama 0.15 kwa mbichi, uko chini ya kiwango. Ukiona 1.5 kwa uzito mbichi, usiuze hata fungu moja, unipigie simu siku hiyo hiyo.